Waridi la jangwa uani, mbuzi ng'ambo ya fensi

Mwezi wa tisa ukiisha, huku kwetu Voi macho hayana pa kupumzikia. Nyasi zimekwisha, vumbi jekundu linapanda mpaka kwenye nguo ulizoanika asubuhi, vichaka vyote vya nyika vimegeuka rangi ya majivu na mvua za vuli bado hazijulikani kama zitakuja au zitapita mbali. Sasa ndani ya majivu hayo hayo unakutana na kichaka kimoja hakina hata jani, shina limenona chini kama chupa, na kule juu kwenye ncha za matawi maua ya pinki yamefunguka, kati yake meupe, mpaka unajiuliza maji yametoka wapi. Hilo ndilo waridi la jangwa. Wataalamu wanaliita Adenium obesum, na hapa si mgeni, ni mwenyeji kabisa, linaota lenyewe kuanzia Senegali huko magharibi, linafuata ukanda wa Saheli mpaka Sudan, Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, halafu linavuka bahari mpaka Yemen na Oman.

Nimeliotesha nyumbani kwa miaka kadhaa sasa, na kila nikimwonyesha mtu picha naulizwa maswali mawili tu, unamwagilia mara ngapi na mbegu unazo. Hakuna anayeuliza kuhusu mbuzi. Na mimi kama kuna jambo moja ningependa mtu alijue kabla hajapanda mti huu mahali penye mifugo, basi ni hilo la mbuzi. Sisemi usipande. Panda. Ila ujue hatari yake iko wapi hasa, maana haipo pale ambapo watu wengi wanadhani, mimi mwenyewe nilidhani hivyo hivyo na gharama yake nilikuja kuiona baadaye.

Lakini ngoja nianze na kupanda kwenyewe kwa sababu ndiko nilikoanzia.

Miti yangu yote imetoka kwenye mbegu. Barabarani utaona inauzwa mikubwa, tumbo limevimba vizuri, na mtu anavutiwa kwa sababu hataki kungoja, lakini mingi ya namna hiyo imeng'olewa porini. Ukiangalia kwa makini utaijua: mizizi minene imekatwa kwa panga, gome lina makovu ya mawe, na upande mmoja umebabuka jua kuliko mwingine kwa sababu mti ulikaa miaka mingi umeelekea sehemu moja. Shina la ukubwa ule porini ni kazi ya miaka na miaka. Anayeung'oa anaondoka na mti pamoja na mbegu zote ambazo ungezaa mpaka mwisho wa uhai wake, na lile jiwe ulipokuwa umejibanza linabaki tupu. Mimi hilo linaniuma, nasema wazi, na sinunui.

Mbegu zake ni kitu cha kupendeza sana. Ua likishika linatoa maganda mawili pamoja, yamepanuka huku na huku kama pembe za mbuzi, yanakaa mtini kwa miezi, halafu siku moja yanakauka na kupasuka upande mmoja kwa urefu. Ndani mbegu zimepangwa kama samaki kwenye kopo, kila moja nyembamba, ya kahawia, ndefu kidogo kuliko punje ya mchele, na ina kishungi cha nywele za dhahabu ncha zote mbili. Siyo ncha moja, zote mbili. Kwa hiyo ikianguka chini upepo unaiviringisha kama ekseli yenye magurudumu yake, inaserereka juu ya mchanga mpaka ikwame kwenye jiwe au kwenye mzizi wa mti mwingine, na hapo ndipo itakapoota kama bahati ipo. Ndiyo maana wanaokusanya mbegu hufunga maganda kwa uzi au kwa kitambaa cha neti kabla hayajapasuka, ukichelewa siku moja unakuta ganda wazi na mbegu zimekwenda zake.

Mbegu mbichi ndiyo mbegu, zile zilizokaa kwenye bahasha muda mrefu nyingi hazioti. Nazilaza tu juu ya mchanga wa mto ule wa chenga kubwa, nimeuosha ukatoa tope, nimechanganya na kokoto ndogo na mboji kidogo sana, halafu nafunika kwa mchanga kiasi cha kuficha mbegu tu. Joto ndilo linalofanya kazi, zikiwa kwenye nyuzi 25 mpaka 30 na unyevu kiasi, ndani ya wiki moja hivi unaona zimeinua vichwa. Na hapo utaona kitu ambacho mpaka leo kinanisimamisha: mche wa siku kumi tu, una majani mawili, tayari una kitumbo. Kanaonekana kama kitunguu kidogo kilichochomekwa kwenye mchanga. Hakajawahi kuona ukame lakini kameshaanza kuweka akiba ya maji.

Miche yangu ya kwanza ilikuwa kumi na minne na nikaua saba. Niliua kwa mapenzi, nilikuwa namwagilia kila jioni nikitoka kazini kwa sababu jua lilikuwa kali na mimi nikawa naihurumia. Majani yakaanza kugeuka njano nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Siku niliyogusa tumbo la mmoja likabonyea kama nyanya iliyooza, nikalivuta likatoka mkononi na maji ya kahawia yananuka, ndipo nikaelewa kwamba mti huu haufi kwa kiu, unaoza. Shina likiwa gumu kama kiazi, mti uko sawa hata kama hauna jani. Likianza kulegea angalia udongo: ukiwa mkavu kabisa basi ni kiu, mpe maji na baada ya siku chache litajaa tena, ila ukiwa umelowa acha mara moja, utoe kwenye chungu, ukate sehemu yote iliyooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe safi, halafu uuache kivulini mahali pakavu kidonda kifunge kabla hujaurudisha kwenye mchanga. Wawili niliwaokoa hivyo. Hao na wale watano wazima ndio niliobaki nao.

Mengine ni mepesi. Jua liwe kali na la kutwa, chungu kiwe na matundu ya kutosha, na kila ukihamishia chungu kikubwa unaupandisha mti juu kidogo ili mizizi minene ya juu ionekane, ndivyo wanavyopata yale maumbo ya ajabu. Ukikata kipando kutoka kwenye tawi kitashika mizizi lakini tumbo hakitakupa kama la mbegu. Kule Thailand na Taiwan wamefika mbali, wanapandikiza tawi la rangi moja juu ya shina la mbegu na kutoa maua mekundu sana, meupe, yenye petali tabaka mbili au tatu, na watu wanayapenda. Mimi napenda hili la kwetu la petali tano. Kwa walio sehemu za baridi, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 mti unateseka, uingizeni ndani karibu na dirisha na msimwagilie kabisa mpaka joto lirudi.

Halafu kuna kiwavi. Asubuhi moja nilikuta tawi zima limebaki vijiti, nikatafuta kwa dakika nyingi bila kuona kitu, mpaka jani moja likasogea. Lilikuwa si jani. Kiwavi wa kijani, mnene kama kidole changu cha kati, ana kijipembe nyuma, na nilipomgusa kwa kijiti akajikunja kichwa na pale shingoni yakafunguka mabaka mawili ya buluu yenye ukingo mweusi, kama macho yananitazama. Huyo ndiye mtoto wa Daphnis nerii, nondo mkubwa wa kijani mwenye mawimbi ya pinki kwenye mabawa, anayekula pia mioleanda, vile vichaka vya maua vya watu mjini. Nilikaa pale namwangalia anavyotafuna. Anatafuna kutoka ukingoni kuja kwenye mshipa wa kati, utomvu mweupe unachuruzika mdomoni mwake, na wala hajali. Jani lile lile ambalo lingemwangusha ng'ombe, yeye ndicho chakula chake cha asubuhi. Sikumwua. Nilimhamishia kwenye mti mmoja ambao niliamua uwe wake.

Sasa tuzungumze kuhusu huo utomvu.

Mti mzima una sumu, mzizi, shina, jani, ua, mbegu, hakuna sehemu ya kusema hii ni salama. Sumu yenyewe ni ya kundi linaloitwa glaikosaidi za moyo, ndugu wa zile za oleanda na za msunguti, na kazi yake inafanyika mahali padogo sana. Kwenye ukuta wa kila seli ya mwili kuna pampu ndogo inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, usiku na mchana, na moyo unadunda kwa mpangilio kwa sababu pampu hiyo haichoki. Glaikosaidi inaikalia ile pampu inasimama. Sodiamu inajaa ndani ya seli, kalsiamu nayo inapanda, misuli ya moyo inajikaza kwa nguvu kupita kiasi halafu mapigo yanapoteza mpangilio. Aliyeigundua pampu hiyo, mwaka 1957, ni Mdenmark mmoja anaitwa Jens Skou, alikuwa anafanya kazi na neva za miguu ya kaa, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Dawa ambayo wanasayansi wameitumia miaka yote kuisimamisha pampu hiyo maabara inaitwa ouabain, na jina hilo limetoka kwenye Kisomali, waabaayo, yaani sumu ya mshale. Nikisoma habari kama hizo nasikia fahari fulani, kwamba neno la wawindaji wa nyika hizi liko kwenye chupa za maabara dunia nzima.

Denmark tena inaingia kwenye jina la mti wenyewe. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma msafara wa watu sita kwenda Uarabuni, mmoja wao Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Helsinki. Akafika Yemen, akauona mti huu, akauandika kwamba ni aina ya oleanda nene. Mwaka 1763 malaria ikamuua huko huko Yemen akiwa na miaka 31. Kati ya wale sita alirudi mmoja tu, Carsten Niebuhr, na ndiye aliyechapisha kazi ya mwenzake mwaka 1775. Jina Adenium lenyewe linatoka Aden. Kila nikiliandika kwenye kibao cha chungu namkumbuka huyo kijana.

Lakini watu wa huku walikuwa wanaujua mti huu kabla ya kibao chochote. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huko Tanzania wanachemsha utomvu wake mpaka unakuwa mzito na mweusi, wanapaka kwenye mshale, na mnyama mkubwa anaanguka. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wanasaga shina na kumpaka ngamia au ng'ombe kuua wadudu wa ngozi. Yaani mfugaji ndiye aliyeujua mti huu vizuri kuliko mtu yeyote, aliujua kama sumu na akaujua kama dawa ya nje, na hakuung'oa malishoni. Kwa nini hakuung'oa? Kwa sababu mifugo iliyozaliwa hapo kwa kawaida haiugusi. Ni mchungu, mnyama akionja mara moja anautema, na watoto wanajifunza kutoka kwa mama zao.

Na hapo ndipo mimi nilipojidanganya. Nilijiambia, mbuzi wa huku wameishi na mti huu vizazi na vizazi, wanaujua, mimi nina miti yangu ndani ya fensi, basi hakuna shida.

Mnakumbuka ukame ule ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaenda mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ikafeli. Huku kwetu ng'ombe walikuwa wanaanguka njiani na hawainuki. Mwezi wa nane 2022 nyika haikuwa na jani, migunga yenyewe ilikuwa imekatwa matawi kulisha mifugo. Uani kwangu hali ilikuwa tofauti. Nilikuwa naweka maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo na kuyagawa kwa miti yangu, kikombe kimoja kimoja, na kwa sababu hiyo mawaridi yangu hayakupukutisha majani kama yale ya porini. Yalikuwa ya kijani. Nilijivunia sana ile kijani.

Jumamosi moja nikapogoa. Matawi yalikuwa marefu na yameinama, nikakata karibu nusu, nikayakusanya na kuyarusha nyuma ya fensi, pale ambapo sote tunatupa majani na takataka za shamba. Nikanawa mikono mara mbili kwa sabuni, kwa sababu nilijua ni sumu. Naomba mlione hilo. Nilijua ya kutosha kunawa mikono.

Jumapili mchana jirani yangu, mzee mmoja ambaye amefuga maisha yake yote, akapiga hodi getini. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba lakini hakuingia, akasema tu, "Mwanangu, hebu njoo uone." Tukaenda. Mbuzi wawili walikuwa chini ya mgunga nyuma ya boma lake. Mmoja amesimama ameachanisha miguu, mate yanachuruzika, anaharisha. Wa pili, jike mwenye mimba, alikuwa amelala kifudifudi na kichwa ameinua kidogo kama mtu anayesikiliza. Kando ya mdomo wake kulikuwa na kipande cha jani, la kijani kilichoiva, lina mng'aro wa nta. Nililijua kabla sijainama.

Daktari wa mifugo alikuja kwa bodaboda. Akaweka kipima moyo ubavuni nyuma ya mguu wa mbele, akasikiliza muda mrefu, halafu bila kusema kitu akavitoa masikioni mwake akaniwekea mimi. Sijawahi kusahau. Dundo moja. Dundo. Halafu kimya, kimya kirefu mpaka nikadhani kimekwisha, halafu matatu yanakimbizana, halafu tena kimya. Nilishika mguu wake ulikuwa wa baridi katikati ya jua la saa nane. Daktari akasema tusimwinue, tusimtembeze, mnyama wa namna hii ukimkimbiza moyo unasimama hapo hapo. Akawapa wote wawili maji yenye unga wa mkaa wa dawa, ule unaoshika sumu tumboni, akatuambia kwamba dawa nyingine ya kugeuza jambo hili hapa kijijini hana. Yule jike alikufa kabla ya magharibi. Daktari alipomfungua majani yalikuwa mle, mengine hayajatafunwa vizuri, yalimezwa kwa njaa. Yule wa pili alikaa kivulini siku mbili hasogei na akapona.

Mzee hakunipigia kelele. Nilipompelekea pesa ya mbuzi kesho yake alizikataa kwanza, nikaziacha kwa mama wa nyumba. Alichoniambia ni kwamba, "Huo mti siulaumu, ulikuwepo kabla yangu na kabla yako. Lakini mbuzi wangu hapandi fensi. Yale matawi uliyarusha wewe."

Nimeyazungusha maneno hayo kichwani kwa miaka sasa na ndiyo yaliyonifanya nielewe. Porini, wakati wa njaa, waridi la jangwa halina jani. Limepukutisha yote. Mbuzi akiwa na njaa kali kabisa ya mwaka, anachokuta ni gome chungu na maua machache yaliyo juu. Mti na mnyama wameishi pamoja kwa sababu majani yapo wakati ambapo majani mengine mazuri nayo yapo tele, na kiangazi kikiingia majani yanaondoka. Mimi kwa ndoo yangu ya maji nilivunja mpangilio huo, nikatengeneza kijani pekee iliyobaki eneo zima katika mwezi mbaya kuliko yote. Halafu nikaikata, nikaishusha kutoka kwenye urefu wake na kuilaza chini usawa wa mdomo. Na jani likinyauka sumu haiondoki, likikauka kabisa bado ipo.

Kwa hiyo mambo mengi nimebadilisha. La kwanza, ikifika mwezi wa sita naacha kumwagilia kabisa, hata nikiwa na maji ya ziada. Majani yanageuka njano yanaanguka, nayafagia yote kila jioni mpaka yaishe, na mti unakaa uchi kama wenzake wa porini, na nitawaambia kitu, maua yake tangu nianze hivyo yamekuwa mengi kuliko miaka yote niliyokuwa naubembeleza. Kupogoa nafanya baada ya mvua kushika, mbuzi wakiwa wameshiba majani mengine, na kila kipande kinaingia kwenye gunia pale pale, sikati tawi la pili kabla la kwanza halijaingia. Nina shimo la kina cha kiuno ndani ya fensi, ndimo yanamozikwa na udongo unarudishwa siku hiyo hiyo. Sichomi. Sumu za ukoo huu wa mimea sitaki kuzivuta kwenye moshi, na mtu anaweza kuokota kijiti kilichobaki akakitia jikoni bila kujua. Sitengenezi mboji kwa majani yake wala simwagi maji yaliyopita kwenye vyungu vyake karibu na mahali wanyama wanapokunywa. Glavu navaa, na kisu cha kupogolea kina alama nyekundu kwenye mpini, hakikati kitu kingine chochote humu nyumbani.

Kuna jambo jingine wafugaji watanielewa haraka. Mnyama wa hapa na mnyama aliyenunuliwa sokoni kutoka mbali si sawa. Yule wa mbali hakufundishwa na mama yake mti huu ni nini. Ukileta mifugo mipya, au ukiwa na ndama na vitoto vilivyoanza kuonja onja, au ukiwa unapitisha kundi lenye njaa, hapo ndipo uwe na jicho. Na ukimkuta mnyama anatoa mate, anaharisha, amelegea na miguu ya baridi na kuna jani la mti huu karibu, muweke kivulini palipo kimya, ondoa wenzake pale walipokuwa wanakula, mpigie daktari na umwambie jina la mti kabla hajapanda pikipiki ili aje na vitu sahihi. Akifa, yale matumbo yazikwe, mbwa wasiyafikie.

Watu wameniambia niikate yote. Shangazi yangu alisema hivyo mbele ya mzee, kwamba ua gani la kuua mbuzi wa watu. Mzee ndiye aliyemjibu, akasema shangazi, hata kamba ya kufungia mbuzi inaua mbuzi ukiiacha vibaya. Mimi sikuongeza. Lakini nina sababu zangu. Nyika inakatwa kila siku, mkaa unachomwa, mashamba yanapimwa, na miti hii yenye matumbo inang'olewa na kupakiwa kwenye pikapu usiku. Nataka pawe na mahali mti wa hapa hapa, wa mbegu ya hapa hapa, unazaa.

Na kuzaa kwenyewe si rahisi ukiwa na mti mmoja, unahitaji miwili isiyo ya shina moja. Chavua imefichwa ndani kabisa ya koo la ua, chini ya koni ndogo ambayo zile nyuzi ndefu zenye manyoya zinatokea, na mdudu sahihi asipopita hakuna kitu. Mimi natumia unywele wa brashi, naingiza kando ya koni, navuta kidogo, nabeba ile poda ya krimu mpaka ua la mti wa pili. Kati ya maua ishirini labda mawili yanashika. Nikiona pembe mbili ndogo zinachipuka nasahau kazi nyingine zote.

Mwaka huu nilikuwa na maganda sita na yote nilifunga uzi, isipokuwa moja lililokuwa limejificha nyuma ya tawi. Likapasuka Jumanne. Nilirudi jioni nikakuta limefunguka, limebaki na mbegu tatu tu, na upepo ulikuwa umetoka upande wa nyumba kuelekea kwa mzee. Nikaenda kumwambia mara moja, sikutaka agundue mwenyewe baada ya mvua. Akachukua fimbo yake tukaanza kutembea taratibu kufuata fensi, yeye upande wake na mimi upande wangu, jua limeshashuka na zile nywele za dhahabu zinang'aa ukiinama usawa wa mchanga, ukisimama huzioni. Mjukuu wake wa miaka sita ndiye aliyezipata nyingi kuliko sisi, yuko karibu na ardhi. Anaziokota anazipuliza kidogo kwenye kiganja kuona zinavyoviringika halafu anakimbia kunipa. Tulimwosha mikono kwa sabuni kwenye beseni, mpaka kwenye viwiko.

Tukahesabu, arobaini na moja. Mzee akazichagua mbili kwa ncha ya kucha, akaziweka kwenye kipande cha gazeti, akakikunja mara tatu na kukitia mfuko wa shati.

"Hizi," akaniambia, "nikizipanda kwenye kopo la rangi, nikaliweka juu ya paa la choo, hapo mbuzi hafiki?"

Nikamwambia hafiki, ila kopo alitoboe chini matundu mengi, na asilimwagilie kila siku.